Kukanda kwa Mafuta ya Ayurveda Nyumbani: Kuchagua, Kupasha na Kupaka kwa Hali ya Hewa ya Tanga

Wateja wangu wengi huingia na chupa mkononi. "Dada, haya ya Kihindi nimeletewa kutoka Dar, nikandie nayo." Naipokea, naifungua, nainusa, halafu naigeuza nyuma nisome maandishi madogo. Mara nyingi nikishamaliza kusoma naiweka dirishani, naingia jikoni kuchukua chupa yangu ya mafuta ya ufuta. Mteja hununa kidogo. Akishalala kwenye mkeka na mafuta ya vuguvugu yakapita mgongoni, kununa kunaisha.

Sisemi mafuta ya Kihindi ni mabaya. Ayurveda, utabibu wa asili wa India, nimeipenda na inanilisha. Ninachokataa ni kuchagua mafuta kwa picha iliyo mbele ya chupa. Wenye elimu hiyo wenyewe hawachagui hivyo. Wanatazama mwili wa mtu, umri wake, na upepo unaovuma siku hiyo. Mafuta yaliyotengenezwa kwa kipupwe cha kaskazini mwa India, ambako watu hulala na mablanketi mawili, unakuja kuyapaka Ngamiani hapa Tanga mwezi wa pili, kaskazi ikivuma na shuka limelowa jasho. Utatoka vipele, halafu utasema Ayurveda haifai.

Kukanda nilifunzwa na bibi yangu, aliyekuwa akiwakanda wazazi wa siku arobaini na kuwasinga maharusi. Habari za Ayurveda zilinifikia baadaye, kwa mama mmoja wa Kihindu niliyemsaidia kazi za nyumbani nilipokuwa msichana. Wazee hao wawili hawakuwahi kukutana, lakini mikono yao ilikuwa inafanana.

Ujue kwanza unachokitafuta

Neno Ayurveda ni la Kisanskriti: ayus ni uhai, veda ni elimu. Kukanda mwili kwa mafuta ya moto huitwa abhyanga, na kumeelezwa katika vitabu vya kale vya utabibu wa India, kikiwemo kile cha Charaka. Kuna neno jingine nalipenda zaidi, sneha. Maana yake ni mafuta, na maana yake pia ni mapenzi. Aliyewahi kukandwa na mama yake hahitaji kuelezwa kwa nini.

Kwa mujibu wa elimu hiyo, mwili unaendeshwa na nguvu tatu. Vata ni ya upepo: baridi, kavu, nyepesi, haitulii. Pitta ni ya moto: joto, ukali, ngozi inayowaka haraka. Kapha ni ya maji na udongo: uzito, ubaridi, utulivu, mwili unaohifadhi. Kila mtu anazo zote tatu, ila moja humzidi.

Ukiona mambo haya ya mbali, rudi kwenye Kiswahili chako mwenyewe. Maumivu ya viungo tunayaitaje? Baridi yabisi. Yaani ubaridi na ukavu. Jina hilo limetoka kwenye utabibu wa zamani wa Kiyunani uliotufikia kwa njia ya Waarabu, ambao nao uliupima mwili kwa joto na ubaridi, ukavu na unyevu. Mhindi akikwambia goti lako limeingiwa na vata, anasema goti limekuwa baridi na kavu. Bibi yangu alisema hivyohivyo, na dawa yake ilikuwa ileile: kitu cha moto chenye mafuta.

Hospitali hawapimi vata, na mimi sikwambii uende Bombo ukaulize kipimo chake. Huu ni mpangilio wa zamani wa kumtazama mtu, na kwa kuchagua mafuta unasaidia sana. Kukanda kwenyewe kunalegeza misuli iliyokaza, kunalainisha ngozi, kunaleta usingizi, kunapunguza maumivu kwa muda. Kisukari hakuponyi, presha hakuponyi, uvimbe hakuyeyushi. Anayekuahidi hayo kwa chupa ya mafuta, muage kwa adabu uende zako.

Chagua kwa mwili na kwa upepo

Mtu mwembamba, mwenye ngozi kavu inayopauka kama majivu, vidole vya baridi, usingizi wa kukatikakatika, viungo vinavyolia akiinuka: huyo ni wa ufuta. Vilevile wazee wengi, na yeyote anayeamka usiku na mawazo. Ufuta ndio mama wa mafuta katika Ayurveda, na hata mafuta mengi ya chupa yenye majina marefu msingi wake ni huo. Una joto, unaingia ndani ya ngozi, na kwetu haukosi, kwa kuwa ufuta unalimwa kwa wingi Lindi na Mtwara.

Mtu anayeona joto haraka, anayetoka vipele kwapani na shingoni, ngozi inawaka akikaa juani Raskazone nusu saa: mpe nazi. Nazi hupoza. Miezi ya kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, hapa Tanga mimi huwapa nazi hata watu ambao mwezi wa saba ningewapaka ufuta. Upepo wa kusi ukishika, asubuhi za Juni na Julai zikawa na ubaridi, narudi kwenye ufuta. Ukiwa Lushoto usinifuate katika hili, huko mlimani ufuta unafaa karibu mwaka mzima.

Mtu mzito wa mwili, anayeamka amechoka, ngozi yake ina mafuta ya kutosha: huyo hahitaji mafuta mengi. Ayurveda humpa haradali, au hupunguza mafuta kabisa na kumsugua kwa unga mkavu. Mafuta ya haradali utayapata kwenye maduka ya Kihindi, wenyewe hutengenezea achari. Ni makali. Marekani huuzwa kwa masharti kwamba chupa iandikwe ni ya kupaka tu, kwa sababu ya asidi ya erusiki iliyomo, na hata kwenye ngozi huwasha wengine. Changanya sehemu moja kwa tatu za ufuta, usipeleke usoni wala sehemu za siri, na mtoto mchanga usimpake kabisa, kwani yanaiharibu ngozi yake ambayo bado haijakomaa.

Kuna na mbarika, yale ya nyonyo. Ni mazito kama asali. Peke yake yanachosha mikono, lakini sehemu moja kwa tatu za ufuta, yakipashwa moto, kwa goti au kiuno, sijaona mshindani wake. Yaache usiku, funga kitambaa cha pamba, asubuhi uoge.

Ukisita uanze na yapi, chukua ufuta ikiwa ni kusi, nazi ikiwa ni kaskazi. Mengine utajifunza kwa kuitazama ngozi yako.

Dukani na sokoni

Hapa ndipo pesa zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukienda dukani na ukaonyeshwa mafuta ya ufuta yenye rangi ya kahawia iliyokoza na harufu ya ufuta uliokaangwa, hayo ni ya kupikia vyakula vya Kichina. Mwilini yatakufanya unuke kama jikoni. Ya kukandia yana rangi ya majani makavu iliyofifia, na harufu ndogo, kama ya kashata ya ufuta kabla haijaingia sukari. Yawe yamekamuliwa bila kuunguzwa.

Mafuta ya nazi tuna bahati, minazi ya Pangani ipo karibu. Lakini mafuta yaliyopikwa haraka na kubaki na maji ndani huharibika upesi. Mwaka mmoja nilinunua lita mbili kwa muuzaji mmoja kwa sababu alinipunguzia bei. Yalikuwa meupe kama yametiwa maziwa, nikasema labda yataangaza. Baada ya siku kumi chumba changu chote kilikuwa kinanuka kopra iliyooza na wateja wawili walikuwa wameshaondoka. Mafuta ya nazi mazuri yakiwa ya maji yanaonekana mpaka chini ya chupa. Tikisa: ukiona ukungu au mashapo, acha.

Kipimo kingine ni friji. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 au 25 hivi. Mimina kidogo kwenye glasi, weka kwenye friji saa mbili. Ya kweli yataganda yote, meupe sawasawa. Ukikuta juu kumebaki tabaka la maji ya mafuta, uwezekano mkubwa yamechanganywa na mafuta mengine ya kupikia. Si kipimo cha maabara, lakini kimeniokoa zaidi ya mara moja.

Sasa chupa za India. Zigeuze nyuma. Orodha ya vilivyomo mara nyingi huanza na kile kilicho kingi zaidi, na majina huwa ya Kilatini. Sesamum indicum ni ufuta. Cocos nucifera ni nazi. Ricinus communis ni mbarika. Brassica ni jamaa ya haradali. Ukikuta mwanzoni Paraffinum liquidum, unanunua mafuta yatokanayo na petroli yaliyotiwa rangi na manukato. Hayaui mtu, hata losheni za watoto huwa nayo, lakini bei ya Ayurveda usiyalipie.

Jina likiishia na taila au thailam, maana yake ni mafuta yaliyopikwa na dawa. Machache utakayokutana nayo: Mahanarayana, ya misuli na viungo, msingi wake ufuta. Ksheerabala, yaliyopikwa na maziwa na mmea uitwao bala, ni mapole, nawapa wazee. Dhanwantharam, ambayo Kerala huwapaka wazazi baada ya kujifungua. Brahmi na Bhringraj ni ya kichwa na nywele. Kumkumadi ni ya uso, yana zafarani, na ni ghali, kwa hiyo ukiyakuta rahisi jiulize zafarani imekwenda wapi. Angalia tarehe ya kutengenezwa, ya kuisha muda na jina la kiwanda. Chupa isiyo na hata kimoja kati ya hivyo iache palepale rafuni.

Mwenye duka akikuongezea na vidonge vya kumeza, hasa vyenye neno bhasma au rasa, mwambie asante. Hizo hutengenezwa kwa madini, na zimewahi kukutwa na risasi, zebaki na aseniki. Mafuta ya kupaka ni jambo moja, ya kumeza ni jambo jingine. Na mtu akijiita tabibu akataka kukutibu, muombe cheti chake cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sheria ya mwaka 2002 ndiyo inayomtaka asajiliwe.

Kuupika ufuta kabla ya kuutumia

Ufuta mbichi unaweza kutumika hivyohivyo, lakini mama yule wa Kihindu hakuupaka kabla ya kuupitisha motoni mara moja. Husemwa kuwa huwa mwepesi zaidi na huingia ngozini haraka.

Chukua sufuria kavu, nzito. Mimina mafuta yakiwa bado ya baridi, kisha dondosha tone moja la maji. Tone moja, sijasema kijiko, na iwe kabla ya kuwasha moto. Weka kwenye moto mdogo. Usiondoke, usijibu simu. Tone likianza kulia na kurukaruka, mafuta yamefika nyuzi joto 100 au yamezidi kidogo. Epua hapohapo. Yakifuka moshi umeyaunguza, na hayo tena ni ya kupaka bawaba za mlango. Yaache yapoe kabisa, uyatie kwenye chupa iliyokauka.

Maji yasimwagwe kamwe kwenye mafuta yaliyokwisha kupata moto. Yakishika moto funika kwa mfuniko na uzime jiko.

Mafuta ya tangawizi na pilipili manga

Ukitaka yenye dawa, pika mwenyewe. Muheza na Amani kote viungo vipo: pilipili manga, mdalasini, iliki, karafuu. Kanuni ya zamani ni rahisi kukumbuka, moja kwa nne kwa kumi na sita: sehemu moja ya dawa iliyosagwa, nne za mafuta, kumi na sita za maji yaliyochemshiwa dawa.

Kwa nyumba ya kawaida:

1. Menya na usage gramu 50 za tangawizi mbichi pamoja na punje kumi za pilipili manga, mpaka iwe kama ya kutia kwenye pilau.

2. Chemsha tangawizi nyingine ya kiasi hichohicho katika lita moja na nusu ya maji, mpaka yabaki kama mililita 800. Chuja.

3. Katika sufuria pana, tia mililita 200 za mafuta ya ufuta, ile tangawizi iliyosagwa, na yale maji. Yote pamoja, yakiwa ya baridi.

4. Pika kwa moto mdogo, ukikoroga kwa mwiko hadi chini. Huchukua saa mbili, pengine tatu. Jiko la mkaa ni zuri hapa kwa kuwa moto wake hautishi, lakini ondoa makaa mengine ukiona yanachemka kwa fujo.

Saa ya kwanza utadhani umekosea, ni supu tu. Maji yakipungua, sauti inabadilika, inakuwa ya kukaanga. Hapo ndipo uangalie kwa makini, kwa sababu kati ya kuiva na kuungua ni dakika chache. Dalili ni tatu. Mafuta hutoa povu jepesi juu. Tangawizi ukiichukua kidogo kwa kijiko, ikapoa, ukaiviringisha kwa vidole, inakubali kuwa kama utambi badala ya kupondeka. Na utambi huo ukiutupa kwenye kaa, unawaka bila kulia. Ukilia chwaa, bado kuna maji, rudisha jikoni.

5. Epua, acha yawe ya vuguvugu, chuja kwa kitambaa safi ukikamua. Tia kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Andika tarehe.

Haya ni ya mgongo, mabega na miguu ya mtu mzima, msimu wa kusi. Usoni hapana.

Wengine hupenda njia ya mkato, wanadondosha mafuta makali ya karafuu au mdalasini moja kwa moja. Nilifanya hivyo mara moja kwenye goti langu mwenyewe, karafuu tupu bila kuichanganya, nikijiona hodari. Iliwaka mpaka alfajiri na alama ilikaa miezi. Mafuta makali ya harufu kwa jumla ni matone mawili au matatu kwa kijiko cha chakula cha ufuta au nazi. Karafuu na mdalasini, tone moja linatosha. Ya ndimu usipake mchana ukatoka juani, ngozi itababuka na kubaki na madoa meusi. Kafuri weka mbali na watoto kabisa, ni sumu kwao.

Mkono kwanza

Kila mafuta mapya, hata ukiyaamini vipi, paka tone ndani ya mkono karibu na kiwiko, usilioshe mpaka kesho yake saa ileile. Pakiwasha au kuvimba, yape heshima yake ya kupaka bawaba. Anayevimba midomo akila kashata ya ufuta asipakwe ufuta.

Kukanda kwenyewe

Muda mzuri ni asubuhi kabla ya kuoga, au jioni kabla ya kulala. Usikande mtu aliyetoka kula ubwabwa, mpe saa mbili.

Tandika mkeka, juu yake kanga kuukuu mbili ambazo huzililii. Funga dirisha la upande wa upepo. Chupa itie kwenye bakuli la maji ya moto kwa dakika tano, usiiweke jikoni. Jaribu kwa kudondosha ndani ya kifundo cha mkono wako kama unavyojaribu maziwa ya mtoto. Yawe ya vuguvugu linalopendeza. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi hawezi kukwambia kwamba unamuunguza, kwa hiyo jipime wewe, usimtegemee yeye.

Mwili mzima wa mtu mzima unataka vijiko vitatu hadi vinne vya chakula. Dakika kumi na tano zinatosha, ishirini ni starehe.

Anza kichwani. Tia mafuta utosini, chezesha ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole kana kwamba unaosha nywele bila haraka. Usiparue. Shuka kwenye masikio kwa nje, uyavute taratibu, uyasugue nyuma. Ndani ya sikio usimimine kitu. Ngoma ya sikio ikiwa na tundu umemtafutia mtu maradhi.

Shingo na mabega hapo ndipo Tanga nzima inapoumwa. Wapiga cherehani, waendesha bodaboda, akina mama wanaobeba ndoo, watoto wa siku hizi na simu zao, wote wanakaza palepale, kati ya shingo na bega. Usipakandamize kwa nguvu siku ya kwanza. Weka kiganja chenye mafuta, kiache kitulie pumzi tatu, kisha zungusha. Musuli ukikaza, mikono ipunguze, usishindane nao. Bibi yangu akiniona nakaza meno alikuwa akinipiga kofi dogo: "Mjukuu wangu, humkandi ng'ombe."

Mikono na miguu: kwenye mifupa mirefu nenda kwa mkono mrefu wa kunyoosha, kwenye viungo zungusha. Hivyo bega duara, mkono wa juu mstari, kiwiko duara, mkono wa chini mstari, kifundo duara, na kila kidole ukivute kwa upole mpaka ncha. Walimu wanatofautiana kuhusu mwelekeo. Wapo wanaosema ufuate malaika ya ngozi yanakolala, wapo wanaosema uelekee moyoni. Mimi miguu iliyosimama siku nzima naipandisha juu, kutoka nyayo kwenda paja, maana wenyewe wananiambia inapungua uzito. Ukijikanda mwenyewe fanya unavyoweza kufika.

Tumbo ni jepesi zaidi. Kiganja kizima, duara kubwa kuzunguka kitovu, kama mshale wa saa unavyokwenda. Mara kumi.

Mgongo paka kandokando ya uti, usikandamize juu ya mfupa. Kiunoni tumia kigongo cha kiganja.

Malizia nyayo, na hapa usipunje. Vitabu vya zamani vinasema ukikosa nafasi ya kupaka mwili wote, usikose kichwa, masikio na nyayo. Siku nikichoka nafanya hizo tatu tu, kijiko kimoja cha mafuta, dakika tano, navaa soksi kuukuu, nalala. Kwa mtu mwenye usingizi mgumu ningeshauri aanze na hili kabla ya yote.

Kisha akae dakika kumi na tano au ishirini mafuta yaingie. Ajifunike kanga, anywe maji ya vuguvugu. Hapa ndipo maneno hutoka, siri za nyumba, madeni, watoto. Sikiliza au nyamaza, ila usiyabebe barazani.

Asisimame kwa pupa. Nyayo zenye mafuta juu ya vigae ni hatari kuliko baridi yabisi yote. Mfute nyayo kwanza, mshike mkono mpaka bafuni. Mzee akianguka hapo kazi yako yote umeifuta.

Kuoga ni kwa maji ya vuguvugu. Sabuni nyingi huondoa ulichokiweka. Badala yake chukua unga wa dengu, huuhuu wa bajia, ukoroge na maji uwe uji mzito, sugua palipozidi mafuta, kisha ujimwagie. Sabuni ibaki ya kwapa na sehemu zinazohitaji. Kanga na taulo zilizoloa mafuta ziloweke kwa maji ya moto na sabuni ya unga siku hiyohiyo, na usizipige pasi zikiwa bado na mafuta.

Usimkande

Mwenye homa, umwache. Mwenye kidonda kibichi, majipu, upele unaoambukiza, umwache. Mguu mmoja uliovimba ghafla, una joto na unauma kwenye kigimbi, usiuguse: huenda damu imeganda ndani na kukanda kunaweza kuisukuma. Huyo anakwenda hospitali leo, si kesho. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu, mwenye saratani, aliyevunjika au kufanyiwa upasuaji karibuni, aulize daktari wake kwanza. Mjamzito asikandwe tumbo, na miezi mitatu ya mwanzo mimi simkandi kabisa. Mtoto mchanga hana haja ya dawa wala harufu, na kitovu chake kisiguswe na mafuta.

Mwenye vipele vya joto, subiri vikauke, mafuta yataviziba na kuvizidisha. Nazi usoni kwa mwenye chunusi ni vivyo hivyo. Na kwa walio kwenye ndoa changa wanaonunua mafuta haya kwa shughuli zao: mafuta ya aina yoyote huilegeza mipira ya kondomu mpaka ikapasuka. Wengi huniuliza wakiwa wameshachelewa.

Ni mara ngapi, na yatunzwe vipi

Mwenye ngozi kavu na usingizi mbaya, kila siku kidogo ni bora kuliko Ijumaa moja kwa mwezi. Wa joto, mara mbili kwa wiki. Mzito wa mwili, mara moja inatosha, na asugue kwa nguvu, mafuta yawe machache. Jipe wiki tatu kabla ya kuhukumu. Ukipaka siku mbili ukaona hakuna kitu, hujajaribu.

Joto la Tanga ni adui wa mafuta. Chupa iwe ya kioo cheusi au uivishe karatasi, ikae kabatini chini, mbali na jiko na dirisha. Usichovye vidole vilivyolowa ndani yake, mimina kwenye kisahani unachohitaji na kilichobaki usikirudishe. Uliyopika mwenyewe yatumie ndani ya miezi mitatu. Kabla ya kila kukanda, nusa. Ufuta ulioharibika unanuka kama rangi ya mlango, nazi iliyoharibika kama sabuni ya kale. Mimi huandika tarehe kwa kalamu ya wino kwenye plasta ya kidonda naibandika chini ya chupa, kwa sababu karatasi za kawaida huchuruzikiwa mafuta na maandishi yote yanapotea.